Nundu ya ngamia si tangi la maji: basi anaishije? Naomba maelezo yenye hesabu, na mifano ya huku Dodoma

MwalimuChamwino

Wakuu, habari za huko. Nafundisha baiolojia sekondari na mada inayofuata ni jinsi wanyama wa jangwani walivyoumbika kuishi penye joto na ukame. Vitabu vilivyopo vinaorodhesha tu: kope ndefu, kwato pana, nundu, masikio makubwa. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, orodha haimjibu. Naomba wenye utaalamu mnisaidie haya.

Kwanza, tunasema nunduni mna mafuta, si maji. Lakini mafuta yakiunguzwa mwilini yanatoa maji, na hilo limo kwenye kemia hiyohiyo tunayofundisha. Sasa nani yuko sahihi?

Pili, kuna panya wa jangwani wanaosemwa hawanywi maji maisha yao yote. Inawezekanaje kiumbe mdogo vile asikauke, wakati ng'ombe wa hapa akikosa maji siku chache tu za Oktoba anadhoofika?

Tatu, wanafunzi wangu hawajamwona ngamia. Ni wanyama gani wa Dodoma wanaoonyesha mambo hayohayo? Na kama kuna majaribio ya gharama ndogo, nitashukuru.

MtoBubu

Mwalimu, swali la kwanza linajibika kwa kalamu na karatasi, na ningekushauri ulifanye ubaoni.

Gramu 1 ya mafuta ikiunguzwa yote hutoa takribani gramu 1.07 za maji. Maji yanazidi uzito wa mafuta yenyewe kwa sababu oksijeni imetoka nje. Hapo ndipo gharama ilipo: kuunguza gramu hiyo kunataka kama lita 2 za oksijeni. Hewa ina oksijeni asilimia 21 na mapafu hayaichukui yote. Chukua kwamba kati ya kila lita 100 za hewa iliyovutwa, lita 5 za oksijeni ndizo zinazobaki mwilini. Basi lita 2 za oksijeni zinadai lita 40 za hewa. Hewa inayotoka mapafuni kwa nyuzijoto 37 imeshiba mvuke, gramu 44 kwa kila mita moja ya ujazo. Lita 40 zinaondoka na gramu 1.76 za maji. Hata ukirudisha unyevu mdogo uliokuwemo kwenye hewa kavu iliyoingia, mnyama amelipa zaidi ya alichopata. Kwa hiyo vitabu viko sahihi, na kemia yako iko sahihi. Kilichosahaulika ni pumzi.

Nundu ni akiba ya chakula. Kwa ngamia aliyeshiba huweza kuvuka kilo 30, na akikonda hulala upande. Kukusanya mafuta mahali pamoja mgongoni kuna faida yake: yangetandazwa chini ya ngozi yote yangezuia joto la mwili kutoka.

Sasa tumia tarakimu zilezile kwenye pua, kwa maana pua ya ngamia ina kazi kubwa kuliko nundu katika habari ya maji. Ndani yake kuna mifupa myembamba iliyojikunjakunja, imefunikwa utando wenye eneo kubwa. Hewa kavu ikiingia inavukiza maji ya utando na kuupoza. Hewa ya mapafuni ikitoka inapita juu ya utando huo uliopoa, mvuke unageuka matone na kubaki puani. Hewa iliyoshiba kwa nyuzijoto 25 hubeba gramu 23 tu kwa mita ya ujazo. Zile lita 40 sasa zinaondoka na gramu 0.92 badala ya 1.76. Karibu nusu imeokolewa bila kunywa tone. Ngamia aliyenyimwa maji huenda mbali zaidi: usiku utando wa pua hukauka na kunyonya unyevu wa hewa inayotoka, hivyo hewa hiyo haitoki imeshiba.

Jambo la tatu ni joto la mwili. Mtafiti Knut Schmidt-Nielsen alikwenda Béni Abbès, Algeria, mwaka 1953 na 1954, akawapima ngamia jangwani. Ngamia anayepata maji, joto lake hupanda na kushuka kama nyuzi 2 tu kwa siku. Aliyenyimwa huanza alfajiri na nyuzijoto 34 hivi na kufika karibu 41 alasiri ndipo aanze kutoa jasho la maana. Mpe mwanafunzi hesabu hii: mwili wa kilo 500, kila kilo inachukua takribani kilojuli 3.5 kupanda nyuzi 1, na joto limepanda nyuzi 6. Ni kilojuli 10,500. Kuvukiza lita 1 ya jasho huondoa kama kilojuli 2,400. Kwa hiyo ameepuka kutoa lita 4 na zaidi za jasho kwa siku, na joto lile analitoa usiku bure, anga likiwa limepoa. Kuna faida ya pili ambayo wengi hawaitaji: mwili ukiwa wa moto zaidi, tofauti kati yake na hewa ya nje inapungua, hivyo joto linaloingia nalo linapungua.

Manyoya yanaingia hapohapo. Ngamia aliyenyolewa alipoteza maji kwa jasho karibu asilimia 50 zaidi ya mwenye manyoya yake. Jasho la ngamia huvukizwa kwenye ngozi, chini ya manyoya, kwa hiyo joto linalotumika kulivukiza linatoka mwilini badala ya kutoka kwenye jua.

Damu. Binadamu akipoteza maji ya kama asilimia 12 ya uzito wake katikati ya joto kali, damu inakuwa nzito, moyo unashindwa kuisukuma hadi kwenye ngozi, joto la ndani linapanda ghafla na anakufa. Ngamia hustahimili kupoteza asilimia 25 na zaidi, kwa sababu maji anayopoteza hutoka zaidi kwenye tishu na tumboni, huku majimaji ya damu yakipungua kidogo. Akifika kisimani anaweza kunywa lita 100 kwa muda wa dakika 10 hivi. Seli zake nyekundu za damu zina umbo la yai, na huvimba hadi zaidi ya mara mbili ya ukubwa wake bila kupasuka.

Marekebisho madogo: ngamia hana kwato kama za ng'ombe. Ana kucha mbili mbele na wayo mpana, laini, unaotanuka akikanyaga mchanga.

Miamba_Dom

Nachukua swali la pili, mwalimu. Jibu lake ni ukubwa wa mwili, na ningeanzia hapo kabla ya kutaja mnyama yeyote.

Chora mchemraba wa sentimita 1 kila upande. Eneo la nje ni sentimita 6 za mraba, ujazo ni 1. Chora wa sentimita 10. Eneo ni 600, ujazo 1,000, yaani 0.6 kwa kila sentimita ya ujazo. Mdogo ana ngozi mara kumi zaidi kwa kila kipande cha mwili. Joto la jua huingia kupitia ngozi hiyo. Panya wa gramu 100 akijaribu kujipoza kwa jasho mchana wa jangwani angelazimika kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake kila saa. Hana maji hayo. Kwa hiyo mdogo hukimbia joto na mkubwa hulivumilia. Ukilishika hilo, karibu kila mnyama wa jangwani utajua umweke upande upi kabla hata hujasoma habari zake.

Panya kangaruu wa majangwa ya Marekani na Mexico ndiye huyo asiyekunywa. Mchana kutwa yuko shimoni. Hewa ya shimo ina unyevu mara kadhaa kuliko ya nje, na mbegu kavu alizoweka humo hunyonya unyevu huo kabla hajazila. Gramu 100 za shayiri zikiunguzwa mwilini humpa gramu 54 hivi za maji. Pua yake ni nyembamba na ndefu, inapoza hewa inayotoka hadi chini ya joto la mwili kwa nyuzi nyingi. Kinyesi chake ni kikavu. Halafu kuna figo: mkojo wa binadamu unaweza kukolea hadi kama mara 4 ya damu yake, wa ngamia kama mara 8 au zaidi, wa panya huyu huvuka mara 14. Sababu ni vitanzi vya Henle, yaani mirija midogo iliyopinda inayosaidia figo kurudisha maji mwilini, vilivyorefuka sana kuingia ndani ya figo. Ukinyima panya kangaruu shimo lake na kumwacha juani, figo hiyo yote haimsaidii, anakufa upesi.

Sasa Dodoma. Tuseme kwanza ukweli kwamba Dodoma si jangwa. Mvua ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na jangwa kwa kawaida huhesabiwa chini ya 250. Lakini mvua yote hiyo hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na kuanzia Mei hadi Novemba karibu hakuna kitu. Mnyama wa hapa anaishi miezi saba ya ukame mfululizo, ndiyo maana mbinu zilezile zipo.

Panya wa jamii ya jerbili wamo kwenye udongo wa kichanga. Ni ndugu wa jerbili wa Sahara, wanachimba na hutoka usiku. Mashimo ya mhanga nayo ni muhimu mno: yeye huchimba, kisha ngiri, nungunungu, nguchiro, nyoka na popo hukaa humo. Mhanga akiuawa, nyumba za wanyama wengi hazichimbwi tena.

Kwenye vilima vya mawe mna pimbi. Mwili wake haushiki joto sawasawa, kwa hiyo asubuhi huota jua juu ya jiwe, mchana hujipenyeza kwenye ufa, na hivyo haunguzi chakula kingi wala hapotezi maji mengi. Mkojo wake mzito wenye chokaa ndio unaoacha zile alama nyeupe kwenye miamba. Hizo wanafunzi wanazijua tayari, waonyeshe.

Yuko pia kobe bapa wa miambani, Malacochersus tornieri. Gamba lake lina urefu wa sentimita 15 hadi 18, lakini kimo ni sentimita 3 au 4 tu, tena ni laini kidogo kwa kuwa mfupa wa ndani una matundu. Akishtuka hakunji kichwa ndani kama kobe wengine. Hukimbia, hujichomeka kwenye ufa na kujikaza kwa miguu. Ndani ya ufa huo anaweza kupitisha kiangazi kikali. Tafadhali msimguse wala kumchukua. Biashara ya wanyama wa kufugwa majumbani nje ya nchi imemmaliza sehemu nyingi, na tangu 2019 yuko kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Vyura ndio wanaonishangaza kuliko wote, kwa sababu ngozi ya chura kwa kawaida inavuja maji kama kitambaa chenye maji. Chura wa miti wa jamii ya Chiromantis, yule anayetundika kiota cha povu juu ya dimbwi wakati wa masika, hukaa kwenye tawi kavu wakati wa kiangazi, amekunja miguu chini ya mwili, rangi imegeuka karibu nyeupe ili kurudisha mwanga. Ngozi yake hupitisha maji kidogo sana, karibu na kiwango cha mijusi. Na badala ya kutoa urea (taka ya protini) iliyoyeyushwa kwenye maji mengi, hutoa asidi ya uriki, ambayo haihitaji maji mengi kutoka. Ndege na mijusi hufanya hivyohivyo: ile sehemu nyeupe kwenye kinyesi cha kuku ndiyo hiyo.

Chura mkubwa wa jamii ya Pyxicephalus yeye huchimba, hushuka chini, hujaza kibofu maji na kujifunika kwa tabaka za ngozi yake iliyobambuka hadi mvua irudi. Na kwenye madimbwi ya msimu ya bonde la Bahi na mengine ya nchi hii kuna visamaki vya Nothobranchius. Dimbwi likikauka samaki wote hufa, ila mayai yaliyomo kwenye tope husimamisha ukuaji, hungoja miezi, na kuanguliwa mvua ikijaza dimbwi. Huyo ameacha kabisa kushindana na kiangazi na kukipitisha akiwa yai.

DaktariMifugo_Kongwa

Salaam wote. Naongeza upande wa mifugo, maana ndiyo wanayoiona wanafunzi kila siku.

Muhimu kwanza: wanafunzi wa Dodoma wataona nundu ya ng'ombe wa kienyeji na kuifananisha na ya ngamia. Wakataze mapema. Nundu ya zebu ni msuli kwa sehemu kubwa, umechanganyika na mafuta, na si ghala la kumlisha kiangazi. Mfano sahihi wa nundu ya ngamia hapa kwetu ni mkia mnene wa kondoo wa kienyeji. Mafuta yale hujaa wakati wa masika na hupungua kiangazi, na yako sehemu moja ili mwili uliobaki upoe.

Zebu anavumilia joto kwa njia nyingine. Ana ngozi nyingi iliyolegea shingoni na tumboni, nywele fupi zinazong'aa, tezi za jasho kubwa, na mwili wake huzalisha joto kidogo kuliko ng'ombe wa Ulaya kwa kuwa anakula na kukua polepole. Ng'ombe wa Mpwapwa walizalishwa kwa kuchanganya zebu wa hapa na damu ya Sahiwal, Red Sindhi, Boran na kidogo Ayrshire kwa sababu hiyo: kupata maziwa zaidi bila kupoteza uvumilivu.

Kisha urea. Mnyama anayecheua akiwa kwenye majani makavu yasiyo na protini haruhusu urea yote kutoka na mkojo. Sehemu kubwa hurudi tumboni kupitia mate na ukuta wa tumbo, vijidudu vinaitumia kutengeneza protini, naye anavimeng'enya vijidudu hivyo. Anaokoa protini na anaokoa maji ambayo yangetumika kuitoa. Ngamia anafanya hivi vizuri sana, ila mbuzi na zebu nao wanafanya.

Punda ni somo zuri. Anaweza kupoteza maji hadi karibu asilimia 30 ya uzito na kuyarudisha kwa dakika chache tu akifika kwenye birika. Tofauti yake na ngamia ni kwamba haachi joto la mwili lipande sana, anatoa jasho mapema, kwa hiyo hukauka haraka zaidi. Kwa maneno mengine, mwili wake unaweza kuvumilia kiu kama ngamia lakini hauwezi kuichelewesha kama ngamia. Wanaowatumia kubeba madumu wajue hilo: punda kutokunywa hapo hapo si ishara kwamba hana kiu.

Mbuzi weusi wa Mabedui huko Sinai huachwa siku mbili hadi nne bila maji, kisha hunywa hadi kama asilimia 40 ya uzito waliobaki nao. Maji hayaingii yote kwenye damu mara moja. Hubaki kwenye tumbo la kwanza na kupenya polepole.

Hapo pana jambo la vitendo. Ndama aliyekaa na kiu muda mrefu akiachiwa birika anywe anavyotaka, maji hupenya haraka, damu inapungua ukolevu, seli nyekundu zinavimba na kupasuka. Utaona mkojo mwekundu au wa kahawia ndani ya saa chache, anatetemeka, wakati mwingine degedege. Wafugaji wengine hudhani amelishwa sumu au ni ugonjwa wa kupe. Mpe kidogo kidogo kwa saa kadhaa, si kwa mkupuo, na awe na jiwe la chumvi la kulamba siku zote, si siku ya kiu tu. Hiki ndicho kitu ambacho seli za umbo la yai zinamwepusha nacho ngamia, na mwanafunzi wa mfugaji atakielewa kuliko picha yoyote ya hadubini.

Choroa_Kondoa

Niongeze kuhusu swala, kisha nitoe tahadhari.

Digidigi wa vichaka vya hapa Dodoma ana kilo 4 hadi 6 na hana haja ya kwenda mtoni. Pua yake ndefu inayochezacheza ni kile kifaa alichokieleza MtoBubu: hewa inayotoka inapozwa na maji yanabaki. Anakula majani machanga, maua na matunda, hasa usiku na alfajiri. Saa ya kula ni jambo lenye uzito. Nchini Kenya, katika miaka ya 1960, ilipimwa kwamba majani makavu ya kichaka kimoja kinacholiwa na swala yalikuwa na maji kama asilimia 1 tu mchana, na usiku yakanyonya unyevu wa hewa hadi karibu asilimia 40. Jani lilelile, mti uleule. Anayekula saa 9 usiku anakula na kunywa.

Choroa, tulionao Tarangire na Mkomazi, ana wavu wa mishipa midogo chini ya ubongo. Damu ya moto inayopanda kichwani hupita pembeni ya damu iliyopozwa puani, na hupoa kabla ya kufika ubongoni. Vitabu vingi vinasema kwa hiyo mwili wa choroa hufika nyuzijoto 45 huku ubongo ukiwa salama. Tahadhari yangu iko hapo. Kiwango hicho kilipatikana kwa wanyama waliofungiwa kwenye chumba chenye joto. Swala waliopimwa wakiwa huru, kwa vifaa vilivyopachikwa mwilini, hawafikii huko: mchana hukaa kivulini na kulisha usiku. Wengi sasa wanaona kazi kubwa ya wavu ule ni kuokoa maji, kwani sehemu ya ubongo inayoamuru jasho ikipozwa, amri ya kutoa jasho inachelewa. Mwalimu, ukifundisha 45, sema ilipimwa wapi.

Ndege nao wasisahaulike. Firigogo wapo Dodoma, na dume lake lina manyoya ya tumboni ambayo nyuzi zake hujiviringa na kufunguka zikilowa, zikashika maji katikati. Huloweka tumbo, hubeba hadi kama mililita 25, na huweza kuruka kilomita 30 hadi kwa makinda, ambayo hunyonya maji kwenye manyoya. Makinda hula mbegu kavu tangu mwanzo, ndiyo maana lazima waletewe.

MwalimuChamwino

Nashukuru sana, wakuu. Hesabu ya pumzi naifanya wiki hii. Maswali mawili yamebaki: masikio makubwa yanapozaje kama hewa ya nje ina joto kuliko mwili? Na majaribio?

MtoBubu

Hayapozi wakati huo, mwalimu, na vitabu vingi vinapotosha hapa. Sikio hutoa joto pale tu hewa iliyo karibu nalo ina ubaridi kuliko damu. Mbweha fenek wa Sahara, mwenye uzito wa kilo 1 hadi 1.5 na masikio ya hadi sentimita 15, mchana yumo shimoni. Masikio yanafanya kazi jioni na usiku, na pia kivulini. Hewa ikizidi joto la mwili mishipa ya sikio hubana ili joto lisiingie. Kazi yake nyingine ni kusikia wadudu chini ya mchanga. Bweha masikio wa kwetu, mla mchwa, ni mfano mzuri: masikio yale humtafutia chakula, na mchwa wenyewe wana maji ya kumtosha.

Kama unataka mnyama anayetoka mchana wa saa 7 kweli, mtaje sisimizi wa fedha wa Sahara, Cataglyphis bombycina. Mwili wake huvumilia hadi nyuzijoto 53 hivi, miguu mirefu humwinua kutoka kwenye mchanga, vinyweleo vya pembetatu hurudisha mwanga wa jua, na hutoka kwa dakika chache tu kuokota wadudu waliouawa na joto, wakati mijusi wanaomla imejificha. Na hata yeye, dakika hizo zikipita, hurudi shimoni.

Fizikia_Makulu

Majaribio matatu, mwalimu. Yote yafanyike Septemba au Oktoba. Masika hayatoi matokeo.

Udongo. Tafuta vipimajoto vinne vya maabara vya nyuzijoto 0 hadi 100. Vya homa vitapasuka. Toboa kwa nondo ya milimita 12 mashimo ya sentimita 5, 20 na 50 penye udongo mtupu usio na kivuli, na kipimajoto cha nne kilale juu ya udongo kikiwa kimefunikwa vumbi kidogo tu. Kosa linaloharibu jaribio hili kila mara ni usomaji: ukikivuta kipimajoto kutoka sentimita 50, kinapanda kabla hujasoma. Dawa yake ni kuchovya tunguu la kipimajoto kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka na kupoa kidogo, mara kadhaa hadi tabaka liwe nene, ila bado lipite shimoni. Kisha kitabadilika polepole, ila kikae shimoni nusu saa kabla ya kukisoma. Kifunge kwa uzi, kishushe, ziba mdomo wa shimo kwa kitambaa na udongo. Soma kila saa mbili kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Juu ya udongo mnaweza kuvuka nyuzi 50 saa 8 mchana. Sentimita 50 karibu haitabadilika siku nzima. Sentimita 20 ndiyo ya kuangalia: joto lake litakuwa bado linapanda jioni, jua limeshapungua. Waulize wanafunzi panya achimbe hadi wapi.

Viazi mviringo. Pima makundi matatu ya gramu 500 kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu 1: viazi vizima vyenye maganda, viazi vizima vilivyomenywa, na vilivyomenywa kisha kukatwa vipande vya sentimita 1. Tandaza juu ya wavu juani, kila saa pima. Vipande vitapoteza maji haraka kuliko vyote, hiyo ndiyo hesabu ya mchemraba ya Miamba_Dom. Vyenye maganda vitapoteza kidogo mno, na hapo eleza nta iliyo juu ya gamba la nge na mende wa jangwani. Msikawie kuvipima baada ya kumenya. Anza na uzito mpya wa 500 baada ya kumenya, la sivyo maganda yanahesabiwa kama maji.

Manyoya. Chupa mbili za nusu lita zenye maji ya joto sawa, kila moja imeviringwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji ya kipimo kimoja, mililita 50. Ya pili izungushie nyasi kavu unene wa sentimita 3, zilizofungwa kwa uzi bila kukazwa. Zining'inie juani, zisiguse ardhi wala ukuta. Pima uzito wa kila moja mwanzoni na baada ya saa 1. Yenye nyasi inatakiwa kupoteza maji kidogo kuliko ile iliyo wazi, kama ngamia mwenye manyoya mbele ya aliyenyolewa. Usitumie pamba badala ya nyasi: pamba hunyonya maji ya kitambaa hadi nje, uvukizaji unahamia juani, na matokeo yanageuka. Siku ya upepo mkali usifanye, au weka zote mbili nyuma ya kizuizi kimoja, kwa sababu upepo wa Dodoma wa alasiri unaweza kukausha kitambaa kilicho wazi kabla ya saa kuisha, na chupa hiyo itaacha kupoteza uzito wakati nyingine bado inaendelea. Ukiona kitambaa kimekauka, matokeo ya kuanzia hapo usiyatumie. Rudia kwa dakika 30.

MwalimuChamwino

Nta kwenye kipimajoto sikuijua. Nondo ipo, mizani naazima jikoni kwa shule. Naanza na udongo Jumatatu.

Fizikia_Makulu

Sawa mwalimu. Mashimo yachimbeni Ijumaa na kuyaziba, maana udongo uliotoboka sasa hivi umeingia hewa ya nje na unahitaji muda kurudi kwenye joto lake.